Mtoto hafungwi kamba kama gunia: kumpakia kijana kwenye pikipiki kwa mara ya kwanza

Ni nadra kumpata mtoto wa miaka 13 mjini ambaye hajawahi kupanda pikipiki. Bodaboda ilimpeleka shule tangu chekechea, amekaa katikati kwenye mishikaki, amerudi mazoezini magharibi kichwa wazi. Kwa hiyo mzazi akinunua Boxer au TVS yake na kumwambia mwanawe "Jumapili twende wote", mtoto haulizi kitu. Anaruka na kukaa, maana anajua.

Anachokijua ndiyo shida yenyewe. Bodaboda imemfundisha kukaa kama mzigo: mkono mmoja kwenye keria, mwingine kwenye simu, miguu inaning'inia, kushuka anashukia upande wowote. Dereva wa kijiweni anapakia watu kama hao kutwa nzima na mwili wake umeshazoea kuwafidia. Wewe unayeendesha peke yako kwenda kazini na kurudi hujazoea. Safari ya kwanza na mwanao ni ya kumfundisha upya, na sehemu kubwa ya somo inafanyika uani, injini imezimwa.

Kwanza jikague wewe. Watu wengi hujipa moyo kwamba wamebeba gunia la mahindi mara nyingi na pikipiki haikuyumba. Lakini gunia ulilifunga kamba. Halipigi chafya, haligeuki kumpungia rafiki mkono, na mkikata kona haliegemei upande wa pili kwa hofu. Kipimo kizuri ni mwendo wa polepole: uwanjani, gia ya kwanza, klachi nusu, zunguka kwa umbo la namba nane kubwa bila kushusha mguu. Ukishindwa hilo ukiwa peke yako, usimpakie mtu. Ukiliweza, mpakie mtu mzima anayejua pikipiki, rudia hiyo nane, kisha ndiyo ufikirie mtoto.

Kwa mtoto, umri unakwambia machache kuliko miguu. Akae kwenye siti, mgongo wima, akanyage vikanyagio vya abiria kwa unyayo, siyo kwa ncha za vidole. Magoti yakunjike kidogo. Kama hafiki, subiri arefuke. Usimfungie kipande cha ubao pale, kitang'oka siku ya tuta. Mtoto anayefika kwa vidole tu hawezi kujizuia ukishika breki. Atakuja wote mgongoni kwako, na uzito wake utaupokea kwenye mikono inayoshika usukani.

Halafu pikipiki. Za cc 150 zinazouzwa huku zina uzito wa kilo 120 hivi. Mtoto wa kilo 45 ni zaidi ya theluthi ya uzito huo, na wote unakaa juu, karibu na ekseli ya nyuma. Tairi la mbele linakuwa jepesi, usukani unalegea mkononi, na ukiachia klachi kwa pupa kwenye mlima, tairi la mbele linaweza kunyanyuka. Taa nayo inatazama juu, inawapiga macho wanaokuja. Hiyo peke yake inatosha kuifanya safari ya kwanza iwe ya mchana.

Upepo wa matairi pima asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, kwa geji. Kile kidole gumba cha fundi kinachobonyeza tairi na kusema "liko poa" hakijui tofauti ya psi 24 na psi 32. Kwa Boxer 150 mbele ni 25. Nyuma ni 28 ukiwa peke yako na 32 mkiwa wawili. Aina nyingine zina namba zao, na mara nyingi zimeandikwa kwenye kibandiko karibu na cheni au kwenye kitabu kilichokuja na pikipiki. Tairi la nyuma lenye upepo mdogo likibebeshwa watu wawili linapinda kwenye kona, na utahisi mkia unatambaa kama nyoka. Watu hufikiri ni upepo wa pembeni.

Shokapu za nyuma nyingi zina pete yenye vijingazi chini ya springi, inazungushwa kwa spana yenye umbo la ndoana. Mkiwa wawili panda ngazi moja au mbili. Pande zote mbili ziwe sawa, maana ukisahau upande mmoja mkia wa pikipiki unajikunja kila mnapopita shimo. Jaribio ni rahisi: mtoto akishakaa, wewe ukiwa umekaa mbele, sukumeni siti chini kwa nguvu. Ukisikia chuma kimegonga chuma, bado.

Cheni inasahaulika zaidi. Watu huikaza pikipiki ikiwa tupu, kwenye stendi mbili, mpaka inacheza sentimita moja, wanafurahi. Mkikaa wawili, mkia unashuka, umbali kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma unaongezeka, na cheni iliyokuwa sawa inakuwa kama waya wa gitaa. Inakula beringi za gurudumu la nyuma na za shafti ya gia. Iache icheze sentimita 2 hadi 3, kisha mtoto akiwa amekaa muombe mtu wa tatu aiguse katikati kwa kidole, injini ikiwa imezimwa. Lazima ibaki na mchezo kidogo.

Sasa helmeti, na hapa usibane shilingi. Ile inayoning'inia kwenye usukani wa bodaboda, yenye kishikizo kilichokatika na sponji iliyoliwa na jasho, inamfaa dereva anayemkwepa trafiki. Kofia ngumu ya ujenzi nayo haikutengenezwa kwa ajili ya kichwa kinachopiga lami. Pima kichwa cha mtoto kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi na kuzunguka pale kisogo kilipotokeza. Vichwa vingi vya umri huo viko kati ya sentimita 54 na 57, lakini pima cha kwako. Usinunue kubwa ili "akue nayo". Hiyo tunafanya kwenye sare ya shule.

Avae, afunge mkanda. Mashavu yabanwe mpaka midomo isogee mbele kidogo. Ukimwambia atafune, ajing'ate kidogo upande wa ndani wa shavu. Vidole viwili vipite chini ya mkanda wa kidevuni, siyo vitatu. Kisha simama nyuma yake, shika ukingo wa chini wa helmeti kisogoni na ujaribu kuivua kwa kuizungusha kwenda mbele. Ikitoka, rudisha dukani. Mtikise kichwa kushoto na kulia: ngozi ya paji la uso iende pamoja na helmeti. Helmeti ikibaki imesimama na kichwa kikageuka ndani yake, ni kubwa.

Nywele zinaharibu vipimo vyote hivyo. Binti aliyepimwa akiwa na twende kilioni, ambayo imelala kichwani, hawezi kuivaa helmeti hiyohiyo wiki ijayo akiwa na mabutu au rasta nene zilizofungwa juu. Itakaa juu kama sufuria. Misuko ifungwe chini, kisogoni, itoke nje ya ukingo na iingie ndani ya jaketi. Anayevaa hijabu avae kitambaa chepesi kinachobana chini ya helmeti, ncha zote ndani ya kola, na pini zote atoe. Pini ya chuma kati ya fuvu na helmeti haina kazi njema ya kufanya.

Mengine ya mavazi ni mepesi. Suruali ya jinzi nzito, viatu vya kufunika kifundo au hata vile vyeusi vya shule, kamba za raba zifungwe fupi na kuchomekwa ndani. Ndala hapana. Jaketi la mikono mirefu hata kama ni joto la Machi, na juu yake kizibao cha kuakisi mwanga. Kenya sheria inamtaka hata abiria avae helmeti na jaketi la kuakisi, na abiria ni mmoja tu. Begi la mgongoni liache nyumbani: likiwa mgongoni kwake linamvuta nyuma kila unapovuta mafuta, likiwa mgongoni kwako linamsukuma nje ya siti.

Binti mwenye sketi ndefu au baibui anataka maneno yake peke yake. Ule wavu wa chuma ulioko upande wa kushoto wa tairi la nyuma, unaouona kwenye Boxer na TVS nyingi, uliwekwa na Wahindi kwa ajili ya wanawake wao wanaokaa upande wakiwa wamevaa sari. Unasaidia nguo isinaswe na spoku, lakini upande wa pili uko wazi, na nguo ikishuka chini ya wavu unakuwa hauna msaada. Kukaa upande kwenyewe kunaharibu mizani yote, maana uzito wote uko kushoto na hakuna goti la kujibana nalo. Avae suruali chini, anyanyue sketi, akae akiwa ameitanua miguu. Mpe sekunde mbili za faragha kama anaona aibu.

Kisha kupanda. Hili mlifanye mara tano mpaka limchoshe. Wewe kaa kwanza, nyayo zote mbili chini, stendi imekunjwa, breki ya mbele umeishika, vikanyagio vya abiria umeshavishusha. Mtoto anakuja kutoka kushoto, anasimama umbali wa hatua moja, anauliza:

"Nipande, baba?"

"Panda."

Asipande kabla ya neno hilo, hata kama umemwangalia, hata kama umetabasamu. Mkono wa kushoto kwenye bega lako la kushoto, mguu wa kushoto kwenye kikanyagio cha kushoto, anajinyanyua karibu na mgongo wako huku mguu wa kulia akiupitisha juu ya siti. Keria ya nyuma ndiyo inayowakwaza. Mtoto anayerusha mguu nusu anapiga keria kwa goti, anapoteza mizani, anakuvuta bega, na pikipiki ya kilo 120 inaanza kulala kushoto. Ndiyo maana ya breki na ya nyayo mbili chini. Asipande ikiwa kwenye stendi ya pembeni: kwenye mchanga wa pwani inazama kama kijiti.

Kushuka ni hivyohivyo kinyume chake. "Nishuke?" "Shuka." Kushoto tu. Ekzosi ya pikipiki nyingi hizi iko kulia, na alama ya kuungua kwenye shavu la mguu wa kulia utaiona kwa watu wengi mjini, wakubwa kwa wadogo. Wengi hawaungui njiani, wanaungua wakishuka, wakiwa na haraka au wakiwa na kaptula. Akiungua, maji safi ya baridi ya bomba yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20 kamili, siyo barafu, siyo dawa ya meno, siyo mafuta ya kupikia.

Akishakaa, mwambie mambo machache tu. Kijana akipewa masharti 15 atashika mawili. Miguu haitoki kwenye vikanyagio mpaka atakaposikia "shuka", hata mkisimama kwenye taa. Watoto wengi hushusha mguu ili kukusaidia, na msaada huo ndio unaowaangusha. Mikono: ashike kiuno chako au mkanda wa suruali, magoti yabane nyonga zako. Mabega asishike mkishaanza kwenda, kwa sababu atakutikisa usukani. Ukishika breki, viganja vyake visukume kiunoni kwako ili kifua kisikulalie. Kwenye kona aangalie barabara juu ya bega lako la upande mnakoelekea: mkikata kulia, bega la kulia. Kichwa kikienda huko, mwili unafuata wenyewe. Neno "egama" liache, maana anayeambiwa aegame huegama kupita kiasi.

Na ishara, kwa kuwa ndani ya helmeti hamsikilizani: kugonga mara moja kwenye mbavu ni "punguza", mara mbili ni "simama". Akigonga mara mbili usijibishane naye, washa indiketa, simama pembeni. Ukipuuza mara ya kwanza hatagonga tena, atanyamaza na kuogopa, na abiria aliyeganda kwa hofu ni mgumu kumwendesha kuliko anayecheka.

Simu iingie kwenye mfuko wenye zipu kabla hajapanda. Atakwambia anataka kurekodi kidogo tu.

Njia ichague usiku wa kuamkia, siyo asubuhi mkiwa mmeshakaa. Tanga, kwa mfano, ni mji mzuri wa kuanzia kwa sababu ni tambarare na watu wamezoea baiskeli. Asubuhi ya Jumapili, saa moja hadi saa tatu, mitaa ya Raskazone ina nafasi na magari machache. Zunguka huko dakika 10 au 15, spidi 30, simama, mshushe, umuulize nini kinamuuma. Jibu huwa ni mapaja au shingo, na yote mawili yanaonyesha kwamba amejikaza. Tahadhari na mchanga unaopeperushwa kwenye lami karibu na bahari. Tairi la mbele likiwa jepesi, mchanga kidogo kwenye kona unatosha.

Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, usimpeleke mzunguko wa kwanza. Kila hatua ni njia panda, na utashika breki mpaka helmeti zenu zigongane kama vifuu. Helmeti kugongana, kwa taarifa yako, ni kosa la dereva. Inatokea ukibadilisha gia huku mafuta yamekatika ghafla, au ukiachia klachi kwa mkupuo. Vuta mafuta taratibu, panda gia mapema, na ukishuka gia ongeza resi kidogo kabla hujaachia klachi. Ukifika nyumbani bila kugongwa kisogoni hata mara moja, umeendesha vizuri.

Zamu ya pili, wiki inayofuata, mnaweza kwenda mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini kwa barabara ya Horohoro. Hapo mtakutana na malori ya mpakani. Lori likiwapita kwa kasi linakuja na ukuta wa upepo: kwanza linawasukuma nje, halafu linawanyonya kulifuata. Ukiliona kwenye site mira, mwambie mtoto abane magoti, kaa katikati ya njia yako usiende ukingoni, legeza viwiko. Nafasi ya nyuma ya gari lililo mbele iongeze. Kwa spidi 50 mnakula mita 14 kila sekunde, na mkiwa wawili breki inachukua muda zaidi. Breki ya nyuma, ambayo ukiwa peke yako inafunga tairi haraka, sasa ina uzito wa kuikalia na inafanya kazi kweli. Anza nayo kidogo, kisha ya mbele kwa kuminya, usiichape.

Matuta yanataka mazoea. Shika breki kabla ya tuta, uiachie pale tairi la mbele linapoanza kupanda. Anayeendelea kubana breki juu ya tuta amezikandamiza shokapu za mbele zisiwe na pa kwenda, na mtoto anarushwa. Mgonge goti mtoto kwa mkono wa kushoto kabla hamjafika, ajue kuweka uzito kwenye miguu na kuunyanyua mwili nusu inchi. Kwenye rasta, zile mistari za kutetemesha, akaze magoti tu.

Ukiingia njia ya vumbi ya kwenda mapangoni, gia ya pili, usukani uuache ucheze, kokoto usizipigie breki ya mbele. Kugeuza pikipiki kwenye njia nyembamba mkiwa wawili ndiko kunakowaangusha hata wazoefu, kwa sababu mwendo ni mdogo na mtoto anageuka kuangalia nyuma. Simama, mwambie ashuke, geuza peke yako, apande upya. Haina aibu. Na zile kona za Mombo kwenda Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kupanda na kuzunguka, ziache mpaka awe ameshakaa nyuma yako miezi kadhaa.

Mvua ikianza, hata manyunyu, simameni dakika 15 au zaidi chini ya kibanda. Maji ya mwanzo yanachanganyika na oili na vumbi la siku nyingi na lami inakuwa kama sabuni; ikishanyesha vya kutosha inaoshwa. Wakati wa kurudi mwangalie usingizi. Vijana hulala nyuma ya pikipiki, huwezi kuamini mpaka helmeti ianze kukugusa mgongoni taratibu na mikono kiunoni ilegee. Hapo hakuna kumwamsha kwa kelele mkiwa kwenye mwendo. Shika mkono wake kiunoni kwako, punguza, simama, anunuliwe soda.

Mkifika nyumbani amezoea, ana furaha, na mama yake yuko mlangoni. Ndiyo dakika anayorukia kulia, kwenye ekzosi iliyochemka. Shika breki ya mbele, usizime injini kwanza, subiri aulize. Akishashuka, helmeti asiitundike kwenye kioo cha pikipiki, maana kioo kinabonyeza sponji ya ndani na haitakaa tena vile mlivyoipima. Aiweke chini kivulini, tundu likiangalia juu, jasho likauke.